Ndege wa Kitenge cha Maman Micheline

Mvua ya Bukavu haina adabu, haibishi hodi. Jumanne ile iliwakuta watu wa Nyawera katikati ya shughuli zao, na kufumba na kufumbua kila kibaraza kilikuwa kimejaa: wauza vocha, mama wenye mabeseni ya dagaa wa sambaza, wanafunzi wa chuo waliofunika vichwa kwa madaftari. Sijui kwa nini watu huikimbia mvua hiyo wakati kila mmoja anajua itamkuta tu.

Chini ya kibaraza cha duka moja la vifaa vya kompyuta alisimama kijana mrefu, mwembamba, shati la mistari limechomekwa vizuri, bisibisi mfukoni pale ambapo wengine huweka kalamu. Jina lake Aganze. Alikuwa na meza yake ndani ya duka hilo, akitengeneza na kuuza mashine, na kilichomtoa nje ni kutaka kuona tu. Ndivyo alivyoumbwa. Utotoni kule Minova aliifungua saa ya katekista ili aone kinachogonga ndani. Akachapwa, na wiki iliyofuata akaifungua tena.

Msichana mmoja akaingia mbio barazani. Alivaa jeans na raba zilizokuwa nyeupe asubuhi, kichwani kilemba cha njano, na mgongoni amebeba mtoto kwa kitenge. Watu wakampisha. Mama mmoja wa sambaza akamvuta ukutani pasipofika maji, akamwambia pole. Aganze akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa na pembe nne, na chini ya kitenge waya ulikuwa unaning'inia.

"Maman," akasema kwa heshima zote, "mutoto yako iko natoa mukia."

Msichana akageuka, akaona waya, akaufutika ndani haraka. Kisha akacheka, na Aganze akajikuta anacheka pia bila kujua kwa nini.

"Usiniite maman, siko na mutoto."

"Na huyu?"

"Huyu ni ordinateur. Nikiibeba mu mikono, mvua inaipiga na bezi banaiona, banaiiba. Nikiibeba ku mugongo, batu yote banasema pole."

Mama wa sambaza aliyekuwa ametoa pole yake bure alicheka karibu amwage samaki.

"Na iko nagonjwa nini?" akauliza Aganze.

"Haigonjwe. Imezeeka." Akamkazia macho. Alikuwa na macho ya mtu anayepima mwanga kabla ya kupiga picha. "Ni weye njo unauzisha hapa? Basi nijibu kitu moja, na usinidanganye juu nimechoka na badanganyifu. Mi nafilmaka dot, ile ya mahari, na ndoa. Niko na uwezo ya kununua kitu moja, moja tu. Nikamate carte graphique ao processeur?"

Swali hilo Cibalonza, maana ndilo jina lake, alikuwa ameliuliza maduka matano tangu asubuhi. Kupiga filamu hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuibana. Filamu ya sherehe moja hutoka kamerani kubwa mno, na lazima ibanwe iwe ndogo ndipo iingie katika simu za ndugu walio Kinshasa, Brussels na kwingineko. Kompyuta yake kuukuu ilichukua siku mbili kwa kazi hiyo, na umeme wa Cimpunda, alikokaa na kaka yake, haujawahi kukaa siku mbili. Duka la kwanza lilimwambia kadi, la pili prosesa. La tatu lilimwambia alete mume wake wazungumze naye.

Aganze alikuna kidevu. "Sijue," akasema.

"Hujue?"

"Sijue. Iko natokana na nini unafilmaka, na nani ataangalia, na ku nini. Ingia ndani uniambie yote. Nitafanya test."

Cibalonza akamtazama mtu huyu. Mwanamume wa kwanza Bukavu nzima kumjibu "sijui", na tena bila kuona haya. Nakuambieni ukweli, kuna wasichana wanaopendea gari na wanaopendea sauti. Huyu alipendea neno hilo moja.

*

Alimweleza yote, kiti kwa kiti, matone yakidondoka kutoka kilemba. Kulikuwa na mama mmoja wa Bagira, Maman Micheline, shangazi mkubwa wa ukoo wenye wasichana watano wa kuolewa. Wa kwanza, Yolande, angetolewa mahari Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia hiyo. Filamu ya mahari ingeonyeshwa ukumbini siku ya harusi, mbele ya koo mbili, na kabla ya hapo itumwe kwenye simu za wote walioshindwa kufika. Ikiwa nzuri, sherehe za wale wanne waliobaki ni za Cibalonza. Ikiwa mbaya, ni za mwanamume fulani mwenye kamera kubwa aliyekuwa tayari ameshaanza kumsalimia Maman Micheline mara mbili kwa siku.

"Ile ndoa ine ikinipita, narudia kupiga picha ya passeport," akasema Cibalonza. "Na ile nimeapa sirudie."

"Na huyu maman anapenda nini mu filamu?"

"Kikwembe, ile kitenge. Beye banafanyaka kikwembe moja ya famille nzima, banaituma kutoka mbali, banangojea miezi. Ya sasa iko na bandege kidogokidogo, mamia. Bibi arusi akicheza, beko naangalia kama bandege inaonekana. Sura, ata hawaulize."

Aganze akatabasamu. Hapo ndipo penyewe.

"Sikiya. Carte graphique ni kama mutu anachagua maharagi mbio mbio. Anatikisa lungo, anamwaga, imeisha. Processeur ni maman anachagua moja moja. Anachelewa, lakini jiwe haibakie. Kama file yako ni kubwa, hakuna atajua nani alichagua. Kama unataka ikuwe kidogo sana, njo jiwe inaanza kuonekana mu meno."

"Basi ni processeur."

"Ngojea! Processeur inaomba umeme masaa nane, ao zaidi. Weye uko na courant saa ngapi?"

"Mbili. Tatu kama Mungu anapenda."

"Unaona? Sijue bado."

Wiki mbili walizopima ndizo zilizowapeleka mbali. Walimfilmu kuku anayetembea uani kwa Cibalonza na kuibana filamu hiyo kwa kadi na kwa prosesa za dukani, walipima majani ya migomba yenye upepo, walipima mvua. Jumapili moja baada ya misa ya pili walishuka hadi ukingo wa ziwa kule Muhumba, Cibalonza kavaa gauni la maua madogo na viatu vilivyomkataza kukimbia, Aganze na shati lile lile la mistari ila limepigwa pasi. Alishika tripodi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Walifilmu maji kwa dakika kumi, kisha wakakaa juu ya ukuta wakiyatazama.

"Maji njo mubaya kuliko yote," akasema Aganze. "Hakuna kitu mu maji inabakia fasi yake. Machine inapotea."

"Na weye?"

"Mi nini?"

"Hauwezi potea?"

"Nimeshapotea, chérie," akasema, na masikio yakamwaka moto kwa neno lililomponyoka. Cibalonza alivua kiatu kimoja, akakiweka katikati yao, kisha akakiondoa akasogea pale kilipokuwa.

Na simu! Salio la Aganze liliisha kila siku kabla ya saa sita.

"Allô, docteur. Mugonjwa yangu iko aje?"

"Mugonjwa ao mwenye mugonjwa?"

"Docteur hachungulie mwenye mugonjwa."

"Basi niko charlatan, docteur wa uongo. Umekula?"

"Nimekula. Weye?"

"Mi nangojea test."

"Test haikuliwake, Aganze. Kula."

Ijumaa, siku moja kabla ya mahari ya Yolande, alimwambia: "Samedi usinipigie simu, nitakuwa mu kazi. Dimanche nitakuletea dakika moja, ile ngumu kuliko yote. Ukiipima ile, utanijibu."

"Leta picha tu. Sauti uitoshe, uikate, haina kazi mu test."

Kumbuka maneno hayo. Aliyasema yeye mwenyewe.

*

Jumapili kaka yake Cibalonza, Elysée, ambaye hushika kamera ya pili, alipitisha ufunguo wa USB, yaani flashi, dukani akaenda zake. Jumatatu asubuhi Aganze aliuchomeka, akanywa chai, akafungua dakika ile.

Ilikuwa ngumu kweli. Wanawake thelathini wa kitenge kimoja cha bluu wanazunguka, wanapinda magoti, wanapeperusha vitambaa, na kwenye kila nyonga ndege wadogo weupe mamia wanaruka upande. Duara likafunguka. Katikati akatolewa msichana aliyefunikwa shuka jeupe, amevaa kitenge kile kile. Mwanamke mmoja akalivuta shuka. Alikuwa Cibalonza.

Akainama kwa adabu. Mzee wa upande wa mwanamume akasimama, akainua mikono miwili juu, akampa bahasha. Wanawake wakafungua vinywa kwa vigelegele visivyosikika. Kijana mmoja mwenye suti ya kijivu, ua kifuani, akaficha uso kwa kicheko. Dakika ikaisha.

Aganze aliujua mchezo wa wasichana wa bandia, ule wa kumtolea bwana harusi wasichana wasio wake kabla ya kumtoa mwenyewe. Nani asiyeujua? Lakini kwa desturi aliyoizoea Minova, wa bandia hurudishwa ndani akiwa bado amefunikwa. Kufunuliwa mbele ya wazee na kupewa bahasha ni kwa mwenyewe. Na si aliambiwa Jumamosi asipige simu? Yolande huyo alimjua kwa jina tu, tena kutoka kinywa cha Cibalonza mwenyewe.

Angeweza kuuliza. Mtu aliyefungua saa ya katekista mara mbili, akashindwa kuuliza swali moja! Lakini mapenzi yana aibu yake, na swali hilo liliogopesha kuliko viboko. Kibaya zaidi, kazi yenyewe ilikuwa kuitazama dakika ile. Aliibana kwa kadi, akaitazama. Aliibana kwa prosesa, akaitazama. Akaisimamisha picha kwa picha, akahesabu ndege, na kila mara Cibalonza aliinama, mzee akainua mikono. Mpaka saa tisa alikuwa amemwozesha msichana huyo mara arobaini.

Jibu la jaribio lilikuwa wazi kabisa. Kwa udogo alioutaka Maman Micheline, kadi ilimaliza upesi lakini ndege wakiruka waligeuka ukungu wa bluu. Prosesa ilikawia mara tisa, na ndege walibaki na mabawa.

Akapiga simu.

"Allô, docteur!"

"Kamata carte."

"Carte? Ulifanya test?"

"Nilifanya. Carte iko mbio. Na courant yako ya Cimpunda, hauko na choix."

"Na bandege, Aganze?"

Akazima skrini. "Utabiona."

Akajipa moyo kwamba alilosema kuhusu umeme lilikuwa kweli. Lilikuwa kweli, ndiyo. Lakini hakulisema kwa sababu ni kweli. Alilisema ili kazi iishe, msichana alipe, aondoke, na yeye asimwone tena. Kesho yake Cibalonza alifika na kilemba kipya na sambusa tatu zimefungwa kwenye gazeti. Aganze aliiweka kadi ndani ya kompyuta bila kuinua macho.

"Nilikukosea nini?"

"Hakuna kitu, madame. Garantie ni miezi tatu."

Aliondoka ameibeba kompyuta mgongoni. Sambusa zilibaki mezani mpaka jioni. Aganze hakuzila, wala hakumpa mtu mwingine.

*

Jumatano Cibalonza aliibana filamu nzima, saa mbili za sherehe, na ikaisha kabla umeme haujakatika. Alipiga makofi peke yake. Akamtumia Maman Micheline bila kuitazama mpaka mwisho, kwa sababu aliamini jaribio, akaketi kusubiri sifa.

Simu ililia baada ya saa moja.

"Weye mutoto," ilisema sauti ya Maman Micheline, ya upole kabisa, na upole huo ndio uliomtisha. "Bandege yetu ilienda wapi?"

"Maman?"

"Tulingojea ile kikwembe miezi ine. Mi nacheza pale mbele, najiona, lakini nimevaa nini? Nimevaa moshi. Belle-sœur yangu, wifi wa Brussels, ameshaniuliza kama tulivaa bâche ya kufunika lori."

"Maman, munisamehe, nita..."

"Sikukasirikie, mwanangu. Mutu wa salle ya ndoa anaomba nimutumie filamu ku simu kesho saa kumi na mbili ya mangaribi, juu Ijumaa anapanga machine yake. Kama unaniletea bandege, muzuri. Kama hapana, nitapigia simu ule mwingine."

Cibalonza alikaa chini sakafuni. Alifungua filamu, akatafuta dakika ile ngumu. Moshi wa bluu. Mtoto mdogo angeuona. Na mtu aliyehesabu majani ya migomba moja moja hakuuona?

Filamu nayo, kama filamu zote za Bukavu, ilikuwa imeshatoka nyumbani. Kutoka kwa Maman Micheline ilifika kwa kwaya, kutoka kwaya ikafika kwa shangazi wa Aganze, na saa kumi na moja ikaingia kwenye simu ya Aganze mwenyewe. Hakutaka kuifungua, akaifungua. Ikafika dakika ile. Safari hii ilikuwa na sauti.

Mzee aliinua mikono miwili. "Ayayaa!" ikasema simu. "Huyu ni muzuri, muzuri kupita! Lakini haiko yeye! Sisi tulikuya juu ya Yolande! Huyu mumupe transport arudie kwabo!"

Vigelegele, vicheko. Kijana wa suti ya kijivu akaficha uso. Bahasha ikapokelewa, na Cibalonza, nauli mkononi, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye kamera, akampokonya Elysée, na picha ikatikisika kwa sababu aliyeishika alikuwa anacheka. Ndipo akatolewa Yolande.

Sekunde kumi na moja. Aganze alizihesabu. Kama dakika ile ingekuwa ndefu kwa sekunde kumi na moja tu, au ingekuwa na sauti. Na sauti nani aliikataa?

Akaona tena ule moshi wa bluu, akajua kwamba kosa la kwanza lilikuwa la ujinga na la pili halikuwa la ujinga hata kidogo.

*

Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa mlangoni Cimpunda, amepanda ngazi zile za matope mbio, prosesa imefungwa ndani ya soksi safi mfukoni mwa koti. Cibalonza alifungua. Alikuwa amejifunga kitenge cha nyumbani, macho mekundu.

"Docteur," akasema. "Ulikuya kuchungulia maiti?"

"Nilikudanganya."

Akasimulia yote, amesimama nje, jirani anapiga mswaki akisikiliza. Dakika, shuka, bahasha, desturi ya Minova. Alipofika kwenye mara arobaini, jirani aliacha kupiga mswaki.

Cibalonza hakucheka. "Banipeleke mimi kwa Cédric, bwana ya Yolande? Mi niliitwa juu musichana wa bandia wa kwanza alikuwa mugonjwa. Banifunika dakika mbili! Banifunua juu ile muzee alitaka kunionyesha batu, acheke."

"Nimeona sasa."

"Na ile wivu, nitakusamehe, ata itanifurahisha siku moja. Lakini ungenitukana, Aganze. Ungekata simu. Ungeniambia hutaki kuniona. Bile yote batu banafanyaka. Lakini test? Niliuliza maduka tano, batu yote banajua, weye peke yako ulisema hujue. Juu ya ile neno njo nilikuamini. Na siku ulijua, ulinificha."

Aganze akatoa soksi.

"Hii ni processeur. Inaingia mu machine yako, nilishaangalia. Haiko zawadi ya kuomba pardon. Ni jibu ya swali yako. Uniombe nitoke, nitatoka, lakini uniache niiweke kwanza."

Cibalonza akampisha mlangoni. "Iweke," akasema. "Na courant? Saa nane tutaitosha wapi?"

"Masœurs, bamasista. Ile école ya couture chini ya Kadutu. Beko na panneaux ya jua."

"Mvua iko nakuya. Nani atabeba machine?"

Aganze akageuka, akampa mgongo, akainama.

Basi asubuhi hiyo watu wa soko la Kadutu waliona kitu ambacho bado wanakisimulia: mwanamume mrefu mwenye shati la mistari, mgongoni amebeba mtoto wa pembe nne kwa kitenge cha bluu chenye ndege alichoachiwa Cibalonza siku ya mahari, anashuka katikati ya nyanya na makaa, na nyuma yake msichana mwenye kilemba cha njano anayejitahidi asicheke. "Papa, pole!" wakamwambia mama wa nyanya. "Mutoto ni wa mwezi ngapi?" Na yeye, shingo imeinama, akawajibu wote asante.

Sœur Marcelline, mkuu wa shule ya ushonaji, alisikiliza shida yao kwa sekunde ishirini akawaonyesha meza kati ya vyerehani. Saa tatu kamili mashine ilianza kazi. Asilimia moja. Baada ya dakika tano, bado asilimia moja. Wasichana wa ushonaji walikuja kutazama wakakata tamaa wakarudi kwenye mishono yao.

Walikaa pale viti viwili, macho kwenye skrini. Asilimia ishirini. Asilimia arobaini. Saa saba mawingu yakatanda, na taa ndogo ya kijani ya betri ukutani ikageuka nyekundu. Aganze akasimama, uso umepauka. Cibalonza akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ile taa nyekundu ndiyo iliyokuwa inashika sherehe nne, na picha za pasipoti zinangoja.

Sœur Marcelline akapiga makofi. "Mabinti, zimeni mapasi! Vyerehani pia. Tunashona kwa mukono mpaka jua irudie." Akawageukia hao wawili. "Lakini mutanionyesha hiyo ndege ya kutuzimisha mapasi."

Cibalonza akachukua simu ya Aganze, akafungua picha mbili, dakika ile ile kutoka kwenye jaribio, moja ya kadi na moja ya prosesa, bila kusema ipi ni ipi. Sista akavaa miwani. Ameshona miaka thelathini. Aliinama kama anayekagua pindo.

"Hii ni kitambaa kimefuliwa vibaya," akasema juu ya ya kwanza. Kisha juu ya ya pili: "Huyu ndege iko na jicho."

Akaondoka. Cibalonza akabaki ameiangalia picha. Polepole akageuka.

"Weye uliona ile jicho?"

"Lundi. Niliiona lundi."

"Basi nipe résultat ya test. Vile ungenipa ile siku."

Aganze akasimama wima kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Carte graphique: mbio sana. Muzuri kwa file kubwa, na kwa kuonyesha brouillon, ile ya kujaribia. Mu file kidogo, bandege inakufa. Processeur: polepole. Bandege inaishi." Akainua macho. "Mwenye kufanya test: mwongo. Anajuta. Anakupenda."

Mbele yao sindano thelathini zilisimama. Cibalonza alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Ile ya mwisho haikuwa mu test," akasema.

"Ilikuwa. Sikuiandika."

Mvua ilipiga, ikapita. Saa kumi na moja na robo mashine ikasema imemaliza. Filamu ikaenda kwa Maman Micheline, na wote wakakaa wakiitazama simu mezani, mpaka ikalia.

"Allô, maman?"

Sauti ya Maman Micheline ikaja, nzito kidogo: "Nimeona bandege. Nimehesabu ya mugongo yangu, iko yote. Lundi kuya nyumbani, tuongee juu ya babinti yangu ine."

Cibalonza alikata simu, na wasichana wa ushonaji wakapiga vigelegele kana kwamba ni wao wanaoolewa. Sista akawaambia wawashe mapasi, kazi haijaisha.

Walipotoka jua lilikuwa limerudi na mji wote uling'aa, mapaa kwa matope. Aganze aliinama tena kwa ajili ya mzigo wake. Cibalonza akamfunga kitenge kifuani, akakikaza, na mikono yake ikakawia pale kwenye fundo.

"Ile carte nitaibakia nayo," akasema. "Kwa brouillon. Lakini ya kuweka, nitafanya na processeur."

"Njo jibu ya muzuri." Akatembea hatua kadhaa. Udadisi ulimrudia, na safari hii hakuumeza. "Cibalonza, niko na swali."

"Uliza. Uulizake."

"Nikituma bazee yangu kule Luhwindja kwa papa yako. Banatoa musichana wa kwanza, amefunikwa. Banatoa wa pili. Bote mumevaa kikwembe moja. Nitajua aje kama haiko weye?"

Cibalonza alitembea mbele yake akishuka, raba zake zikikwepa madimbwi. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka macho yake yalikuwa yale yale ya kupima mwanga, ila yamelowa.

"Utangojea banifunue," akasema, "na utaangalia sura. Kikwembe uniachie mimi."